Mama Chaja na gari lililolala zizini

Jua la Dutwa bado halijavuka uzio wa minyaa, na Maximiliana Ngusa ameshaketi kazini. Ameketi kwenye kigoda katikati ya zizi la ng'ombe, mguu mmoja umekanyaga waya, mkononi ana fimbo, na mbele yake lipo gari dogo la rangi ya fedha, boneti wazi. Ng'ombe mweupe mwenye pembe moja analamba kioo cha mbele. Amemaliza upande wa dereva, sasa anahamia upande wa abiria.

"Muache alambe," anasema Maximiliana bila kugeuka. "Kioo si kazi yangu. Akileta ulimi kwenye betri ndiyo tutagombana."

Huyu ndiye Mama Chaja. Ukifika stendi ya Bariadi ukamuulizia Maximiliana, watakuuliza yupi. Ukimuulizia Mama Chaja, muuza karanga ataacha karanga zake akuonyeshe njia. Ni mama wa miaka arobaini na sita, ana binti mmoja, Scola, anayesoma sekondari Maswa, na kazi yake ni kuamsha magari yaliyolala majumbani kwa watu.

Na magari yanalala kweli huku Simiyu. Mtu anauza pamba, ananunua gari, msimu unakwisha, mafuta yanamshinda, gari linaegeshwa uani na kufunikwa turubai. Mwingine anafanya kazi mbali, gari kaliacha kwa baba yake lilinde heshima ya mji. Linakaa hapo wiki hadi wiki, kuku wanataga chini yake, mpaka siku ya harusi au msiba ndipo watu wanakumbuka ufunguo. Wanaingiza, wanazungusha, linasema "tk". Hapo ndipo anapigiwa simu Mama Chaja.

Mafundi wengine wa betri huifungua na kwenda kuichaji dukani. Yeye hapana. Anakuja na baiskeli, chaja ya chuma ameifunga kwenye keria kwa mpira, na kazi inafanyika pale pale gari lilipo. Mfukoni ana spana namba kumi, brashi ya waya na kikopo cha magadi. Na kile kigoda, ambacho watu wanakicheka sana kuliko vyote.

Kigoda kina historia yake. Zamani alikuwa akiunganisha chaja, anaaga, anarudi jioni. Siku moja, katika nyumba moja mjini Bariadi, alirudi akakuta chaja imechomolewa na pasi imechomekwa mahali pake. Mashati ya mwenye nyumba yalikuwa yamenyooka vizuri mno, ila gari lilikuwa limekufa kama alivyoliacha. Mwenye nyumba akamlaumu yeye. Tangu hapo haondoki mpaka injini iwake.

"Betri inataka subira, na watu wanataka soketi," anasema. "Sasa lazima awepo mtu wa kukaa katikati."

Kukaa huko kumemletea matatizo ya aina yake. Katika mji wa Msukuma mgeni haketi kutwa nzima bila kulishwa, na Mama Chaja huketi kutwa nzima. Analishwa uji asubuhi, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kabla ya mchana, halafu ugali ambao kuukataa ni kuanzisha kesi. Amebeba watoto wa watu, amepukuchua mahindi ya watu, na mara moja, huko Lamadi kwenye familia ya wauza samaki, alipatanisha mume na mke kabla betri haijajaa. Malipo yake kwa siku ni shilingi elfu kumi na tano. Kilo alizoongeza, anasema mwenyewe akicheka, hazijapata wa kuzilipia.

Kazi yenyewe aliipata kupitia chapati. Alikuwa akiwapikia mafundi wa gereji ya mtu mmoja aitwaye Marcelo, mjini Bariadi. Marcelo alipohamia Mwanza, kondakta alikataa kupakia ile chaja, ikabaki chini ya meza ya chapati. Maximiliana alikuwa amewatazama mafundi kwa miaka, anajua waya upi unatangulia. Mteja wa kwanza alikuja kula, akaiona chaja, akasimulia shida yake. Kufika jioni gari lake likaunguruma, na meza ya chapati ikauzwa mwezi uliofuata.

"Chapati ukizubaa inaungua," anasema. "Betri ukitulia nayo, inakungoja."

Wanaume walimsumbua mwanzoni. Walitaka kushika vibanio wenyewe huku yeye akiwashikia tochi. Mmoja alivigusanisha, cheche zikaruka, akarudi nyuma mpaka kwenye beseni la vyombo. Tangu hapo wengi humwachia, wanasimama mbali na kutoa ushauri.

Lakini kilichompa jina hasa ni msimamo wake mmoja. Mama Chaja haamini kwamba betri hufa yenyewe. Anaamini ipo sababu, na sababu hiyo mara nyingi inaishi ndani ya nyumba na inakula chakula pale pale. Hafungi boneti mpaka ameipata. Amewahi kumgundua baba mmoja ambaye kila jioni alijifungia garini kusikiliza mpira, mkewe akidhani yuko kwenye kikao cha ushirika. Amewahi kugundua vijana waliokuwa wakichaji simu za kijiji kizima kupitia kwenye kiberiti cha gari la babu yao.

Ndiyo maana asubuhi hii, akiwa bado anakorogea magadi kwenye maji ya moto, ameshaanza kumtazama kila anayepita.

Gari ni la Mzee Zengo, mkulima na mfugaji wa hapa Dutwa. Linalala zizini kwa amri yake. Anasema hakuna mwizi mwenye akili atakayevuka minyaa, mbwa wawili na ng'ombe wote wale kufuata gari lisiloweza hata kunywa maji. Umeme wa nyumba unatokea sebuleni. Waya umepitishwa dirishani, juu ya banda la ndama, hadi kwenye kigoda cha Mama Chaja.

Na leo si siku ya mchezo. Leo Mzee Zengo anaelekea Mwanhuzi kwa Mzee Maige, kujadili ng'ombe wa mahari ya mwanawe Keneth. Keneth ni fundi baiskeli sokoni, kijana mpole, na binti anayemtaka anaitwa Jenipha. Jenipha naye anamtaka Keneth. Kama mambo yangekuwa ya hao wawili, watu wangekuwa wameshakula pilau.

Tatizo ni safari ya kwanza. Baada ya mavuno Mzee Zengo alilisafisha gari, akavaa koti, wakaenda Mwanhuzi vioo vikiwa chini ili wapishane na watu wakitambulika. Mzee Maige aliwapokea vizuri. Akalizunguka gari, akalipiga teke la upole gurudumu la nyuma, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaketi, akaanza kupanga chini vijiti vya kuhesabia ng'ombe. Alipanga mpaka Mzee Zengo akamuuliza kama anajenga uzio.

Mazungumzo yalivunjika. Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini njia nzima ya kurudi hakuna aliyewasha redio.

Sasa wameitwa tena, na ujumbe ulikuja na mkia: safari hii isipofikia mwisho, wapo watu wa Shishiyu wanaomuulizia Jenipha. Keneth alipolisikia hilo alipunguza kula. Mama yake, Bi. Klementina, alishauri jambo moja tu: safari hii waende kwa basi. Mzee Zengo alimjibu kwamba mtu mwenye gari lake hapandi basi kwenda kwa wakwe, watadhani limeuzwa. Bi. Klementina akarudi kupukuchua mahindi.

Siku chache baadaye, gari ambalo Keneth alikuwa akiliwasha kila Jumapili likasema "tk".

"Mwangaluka, mayu," Mzee Zengo anamsalimu Mama Chaja kwa Kisukuma, kwa mara ya tatu asubuhi hii, maana kila akipita anasahau ameshasalimia. "Litawaka? Mchana tuwe njiani."

"Litawaka, baba. Ila usinikaribie na hiyo sigara. Betri ikichaji inatoa hewa mbaya, tutakwenda Mwanhuzi wote kwa njia ya juu."

Mzee anaizima sigara kwenye pembe ya banda na kwenda kutafuta koti lake.

Kazi inaanza kwa utaratibu wake. Vichwa vya betri vimeota unga mweupe, anaviosha kwa magadi na kuvisugua mpaka vinang'aa. Anafungua vifuniko na kuongeza maji ya betri kidogo kidogo. Kibanio chekundu kinatangulia kwenye chanya. Cheusi anakibana kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Ndipo anapokwenda sebuleni kuchomeka, anarudi, anawasha chaja, na mshale unapanda. Anaketi. Kwa macho ya mpita njia, hapo kazi imekwisha. Kwake yeye ndiyo kwanza inaanza.

Halijaisha hata bakuli moja la uji, mshale unalala.

Mama Chaja anaufuata waya kwa macho, halafu kwa miguu, hadi sebuleni. Plagi iko chini. Kwenye soketi ipo chaja ya simu, na simu ni ya Bi. Klementina. Bi. Klementina anaeleza kwamba simu ilikuwa inakata roho, na siku ya kwenda kwa wakwe mtu hawezi kukosekana hewani. Anaomba radhi sana. Analeta michembe.

Mshale unapanda tena. Karanga zinaletwa. Mshale unalala tena, na safari hii nyumba nzima imezima. Uniti zimekwisha. Mzee Zengo anauliza kwa nini, wakati jana alitoa pesa ya umeme. Bi. Klementina anasema alijaribu, mtandao ukasumbua. Keneth anatoa simu yake, ananunua hapo hapo bila mtandao kumsumbua hata kidogo, na taa zinarudi. Mama Chaja anatafuna karanga taratibu, macho yakiwa kwenye fundo la kanga ya mama mwenye nyumba.

Tukio la tatu ni la ndama. Mlango wa banda lao, ambao kila siku hufungwa kwa kamba, unafunguka wenyewe, na ndama wote wanatoka mbio kuwafuata mama zao. Mmoja anajinasa kwenye waya, anavuta, kibanio cheusi kinafyatuka, cheche inaruka, ng'ombe wa pembe moja anaachia kioo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Keneth anaruka huku, mbwa wanaruka kule. Mwandishi wa makala haya, ambaye alikuwa ameegemea tairi akiandika, alijikuta juu ya lundo la samadi bila kukumbuka amefikaje.

Mama Chaja peke yake hakunyanyuka. Alinyoosha fimbo, akazima swichi, akauliza nani alifungua kamba ya ndama.

"Labda upepo," alisema Bi. Klementina.

Hapakuwa na upepo. Hata moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima.

Baada ya ndama kurudishwa na chaja kuunganishwa upya, Mama Chaja alianza kulikagua gari mlango mmoja mmoja. Alifungua, akafunga, akaangalia taa ya ndani. Mlango wa dereva, sawa. Wa abiria, sawa. Wa nyuma kulia, sawa. Wa nyuma kushoto ulionekana umefungwa, lakini alipousukuma kwa kiganja ulirudi kidogo. Akainama. Kwenye upenyo wa mlango, karibu na bawaba, lilikuwa limebanwa gunzi la mahindi.

Kwa msomaji asiye na gari: mlango ukibaki wazi hata kidogo, taa ya ndani haizimi. Taa hiyo ni ndogo, lakini ikiwaka usiku kucha, usiku baada ya usiku, betri iliyozeeka inakwisha. Na gari lililofunikwa turubai zizini, nani ataiona taa yake?

Mama Chaja alinyanyua kichwa. Bi. Klementina alikuwa amesimama kando ya ghala la mahindi, ungo mkononi, hapepeti chochote. Wakatazamana. Halafu Mama Chaja akalifunika gunzi kwenye kiganja, akamwambia Keneth akalie kigoda kwa muda, akaelekea jikoni, Bi. Klementina akimfuata. Yaliyosemwa huko, wote wawili wamekubali yaandikwe.

"Mama Keneth," alisema, akalitua gunzi juu ya figa. "Hili umelisahau."

Bi. Klementina hakubisha. Alikaa chini, akaufuta uso kwa kanga, na machozi yakatoka kweli. Alisema mumewe ni mtu mwema, ila akiingia ndani ya lile gari anavimba. Alisema Mzee Maige akiliona tena atapanga vile vile vijiti, na Zengo kwa aibu ya kuonekana hana atakubali, na zizi litabaki na samadi tu. Au atakataa, na Jenipha ataolewa Shishiyu. Alishaongea, hakusikilizwa.

"Baba Keneth anakwenda kuonyesha gari," alisema. "Mimi nataka mwanangu aoe. Hili gari likiwaka, mayu, Keneth hapati mke."

Mama Chaja anakiri kwamba hajawahi kubanwa namna ile na betri yoyote. Gari lisipowaka, jina lake limekwenda. Kesho soko zima la Dutwa litasema Mama Chaja kashinda kutwa kwa Zengo akala michembe na gari halikukohoa. Na mzee yule alimwita kwa imani, hawezi kumdanganya kuhusu kazi. Lakini pia ana binti. Alimfikiria Scola amekaa mahali fulani akingoja wazee wamalize kutambiana.

"Gari nitaliwasha," alimwambia mwishowe. "Hiyo ndiyo iliyonileta, na mzee nitamwambia betri ilikufa kwa nini. Ila likishatoka nje ya minyaa, siyo kazi yangu tena."

Kisha akalichukua gunzi kwenye figa, akamrudishia mwenyewe. Bi. Klementina akalifunga kwenye pindo la kanga.

Mchana ulipofika, betri ilikuwa inachemka taratibu ndani, vipovu vikipanda. Mama Chaja alizima swichi, akachomoa sebuleni, akatoa kibanio cheusi, halafu chekundu. Akawaita wote. Alimwambia Mzee Zengo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba betri iliuawa na taa ya ndani, na taa iliwaka kwa sababu mlango wa nyuma kushoto haukuwa umefungwa sawasawa. Hakusema uongo hata neno moja. Mzee akamgeukia Keneth akamfokea. Keneth, ambaye siku hiyo angekubali hata kosa la kuangusha mbuyu, alisema amekosa.

"Na betri hii imezeeka," Mama Chaja aliongeza. "Nguvu niliyoipa ni ya kwenda. Mkifika huko mkalala na huo mlango wazi, hata kidogo tu, asubuhi haliwaki."

Mzee Zengo aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Bi. Klementina alikuwa akiwatazama kuku.

Keneth akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likasita, kisha likaunguruma. Vigelegele vikapigwa. Ng'ombe wa pembe moja akahamia ukingoni mwa zizi na hakurudi tena. Mzee akapanda mbele na koti lake, Bi. Klementina akapanda nyuma, kushoto. Kwa hofu ya kuzima, gari halikusimama hata kwa kuaga. Malipo ya fundi yalitolewa kupitia dirishani likiwa linatembea, na vumbi likafuata.

Mama Chaja aliyaokota, akakung'uta kigoda, akacheka peke yake.

"Unaona? Miaka yote ni hivi," alisema. "Magari niliyoyaamsha hata hayahesabiki. Sijapanda hata moja. Likiwaka tu, wanakimbia nalo, mimi nabaki na waya." Alifunga chaja kwenye keria, akapanda baiskeli yake, akarudi Bariadi.

Yaliyotokea Mwanhuzi yamesimuliwa na Keneth kwa simu, na baadaye na Mama Chaja mwenyewe.

Walifika salama. Mzee Maige alilizunguka gari tena, akaketi, akapanga vijiti. Vilikuwa pungufu kidogo ya mara ya kwanza, lakini bado ilikuwa boma zima. Walibishana mpaka giza likaingia, wageni wakapewa chakula na mahali pa kulala, mjadala ukaahirishwa hadi asubuhi. Keneth anasema usiku huo hakulala, alikuwa akimfikiria mtu wa Shishiyu asiyemjua hata kwa sura.

Asubuhi Mzee Zengo akatangaza kwamba kama ni hivyo wanaondoka. Alipanda kwa hasira, akafunga mlango kwa kishindo, akamwambia Keneth awashe.

Gari likasema "tk".

Hapo ndipo ubishi wote ulipoharibika, maana huwezi kumnunia mtu ambaye gari lake limekufa uani kwako. Mzee Maige alivua shati. Aliwaita wanawe, wakalisukuma gari kutoka mlangoni hadi kisimani, na kutoka kisimani hadi mlangoni. Ni gari la otomatiki, na gari la otomatiki hata ulisukume mpaka Arusha haliwaki kwa kusukumwa, lakini hakuna aliyelijua hilo isipokuwa Keneth, na Keneth alikuwa anaona aibu kusema. Walisukuma mpaka Mzee Zengo naye akashuka, akavua koti, akasukuma gari lake mwenyewe bega kwa bega na mkwe wake, wote wawili wakihema.

Wakaketi kivulini kupumzika. Mzee Maige akalitazama gari, akamtazama mwenzake aliyekuwa akifuta jasho kwa tai, akasema ndugu yangu, kumbe una mzigo. Mzee Zengo, bila koti na bila nguvu, akakubali kwamba ni mzigo. Akasimulia bei ya tairi. Akasimulia mafuta. Mzee Maige akavuta vijiti karibu na kuanza kuvipunguza kimoja kimoja, mpaka vikabaki ambavyo baba wa Keneth angeweza kutoa na bado abakiwe na maziwa ya chai. Wakashikana mikono. Keneth anasema alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, na haoni haya kuliandika hilo gazetini.

Halafu wakampigia simu Mama Chaja. Alikuja na basi, chaja mapajani, akaketi na kigoda chake uani kwa Mzee Maige kutwa nzima, akalishwa na upande wa bibi harusi. Alipoulizwa betri imekufa na nini, alijibu alichojibu Dutwa: uzee, na mlango. Gari lilipowaka, waliondoka nalo mbio bila kumngoja.

Mzee Zengo, alipotembelewa wiki iliyofuata, alikuwa na maelezo yake. Alisema kwenda na gari bovu ulikuwa mpango wake tangu mwanzo, kwamba mkwe unamwendea kwa akili. Bi. Klementina alikuwa pembeni akichambua choroko. Alikubaliana na kila neno. Mwandishi alipomuuliza faraghani kama haogopi habari ya gunzi ikiandikwa, alisema: "Andika tu. Ng'ombe wameshafika Mwanhuzi."

Kwa kuwa habari ina pande mbili, Mzee Maige naye alitafutwa kwa simu. Alisikiliza kisa chote kuanzia zizini hadi jikoni. Kikafuata kicheko kirefu mpaka akakohoa.

"Gunzi nililiona," alisema. "Mimi naamka kabla ya watu, nilikuwa napita kwenda kwa ng'ombe, nikaiona taa garini. Nikatazama mlangoni, nikaliona. Nikajua ni kazi ya yule mama, maana ndiye aliyekaa upande ule. Nikataka kulitoa. Halafu nikasema, mama anayehangaika hivi kwa ajili ya mtoto wake, Jenipha atakuwa na mtu katika mji ule. Nikaliacha palepale, nikaenda kukamua."

Alipoulizwa kwa nini basi alisukuma gari akijua kilichoiua betri, alisema Mzee Zengo alihitaji kutoka jasho kidogo.

Harusi imepangwa baada ya mauzo ya pamba, na bibi harusi atachukuliwa Mwanhuzi kwa gari lile lile. Betri mpya Mzee Zengo amekataa kununua, anasema iliyopo imeleta baraka. Badala yake amemwomba Mama Chaja awe kwenye msafara, na safari hii ameahidi mbele ya mashahidi kwamba gari halitaondoka kabla hajapanda. Scola ameandikiwa ruhusa ya shule. Mama Chaja amepeleka kitenge kwa fundi cherehani, na anasema hicho ndicho kitu alichokitaka kwa miaka yote: kuketi ndani ya gari aliloliwasha, akajua linakwendaje.

Mzee Zengo amempa heshima ya kiti cha mbele, pale anapokaa yeye mwenyewe na koti lake. Amekikataa.

"Nitakaa nyuma, kushoto," anasema Mama Chaja, akifunga chaja kwenye keria kwa mpira. "Siku hiyo mlango huo nitaushika mwenyewe."